Mwisho wa Nne

Kinyozi aliingia ukumbini na kitambaa cha kunyolea kikining'inia begani, akiwa amemwacha mteja kwenye kiti na nusu ya kichwa. Ndivyo alivyokuwa: jambo likimkera, hata nywele za watu husubiri. Alisimama mbele ya televisheni, akaiziba yote, akainua simu yake juu.

"Tumedanganywa," alisema. "Sisi sote humu ndani. Tumedanganywa mchana kweupe."

"Toka kwenye kioo, wewe si dirisha," alisema Vidole, mwoka mikate aliyepewa jina hilo kwa jinsi alivyoijua rimoti ya gemu. "Nitakufa huku."

"Kufa tu. Kaka yake Nahodha mwenyewe keshakufa zamani, na sisi tumekaa hapa tunamshangilia."

Ukumbi lilikuwa jina la heshima. Kwa kweli kilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya watu, kilichotolewa makochi na kuwekwa mabenchi, televisheni kubwa ukutani, na mashine ya gemu juu ya stuli. Mmoja hucheza, wengine hutazama, na wote hulipa. Wala hawakulipa kwa ajili ya televisheni, maana televisheni kila mtu anayo kwao. Walilipa kwa ajili ya mwenye ukumbi, waliyemwita Mkalimani. Yeye alikaa pembeni na kipaza sauti kidogo, na kila maandishi ya Kiingereza yalipotokea kwenye kioo aliyageuza papo hapo yakawa maneno ya watu. Nahodha akikasirika, Mkalimani alifoka. Roboti likisema, alibana pua. Mzee mmoja wa anga alipewa sauti ya mwenye nyumba wao wa zamani, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mchezo waliougombania uliitwa Kituo cha Mbali. Nahodha, mwanamke mkali na mwenye huzuni, anavuka anga akifuata sauti ya kaka yake aliyepotea, inayosikika kwenye redio ya chombo chake. Mwishoni anafika kituoni na kuukuta Mtambo unaoendesha kila kitu, na hapo anapewa njia tatu: auzime Mtambo, abaki nao, au aupakie aende nao nyumbani. Ukumbi ulikuwa umeufikia mwisho huo mwezi uliopita, baada ya kuhangaika nao msimu mzima, na watu walitoka siku ile wakipeana mikono kama waliotoka harusini. Kaka alikuwa hai. Mkalimani mwenyewe aliwasomea: "Kaka yako yuko hai. Hawezi kurudi sasa, lakini hajakusahau."

"Sikilizeni," alisema Kinyozi. "Dunia nzima inagombana juu ya mchezo huu. Watu wameandika malalamiko wakitaka kampuni ibadilishe mwisho. Miisho yote mitatu! Kwa nini? Kwa sababu katika yote mitatu, kaka alikufa kabla safari haijaanza. Ile sauti ni Mtambo uliokuwa ukimwigiza. Sasa mimi nauliza swali dogo tu. Sisi tuliambiwa yuko hai na nani?"

Vichwa viligeuka vyote upande wa kipaza sauti. Mkalimani alihisi masikio yakimchoma. Angeweza kusema ukweli wakati ule na mambo yakaisha kwa kelele na kicheko, lakini ulimi ulimtangulia.

"Huenda yetu ni toleo tofauti," alisema.

"Si nilisema!" akadakia mtu wa benchi la katikati, ambaye hakuwa amesema lolote. "Yetu ndiyo ya kwanza, kabla hawajaikatakata. Hizo za kwao ndizo feki."

"Diski yenyewe imeandikwa jina kwa kalamu ya mkono," alisema Vidole, "halafu unasema yetu ndiyo halisi."

Kicheko kilichofuata kilimpa Mkalimani nafasi ya kupumua. Lakini kwenye benchi la nyuma alikuwapo Muuza Dawa, dada wa duka la dawa la kona, aliyekuja na koti lake jeupe kupumzisha miguu. Yeye alikuwa ameucheza Kituo cha Mbali peke yake nyumbani, tena njia zote tatu. Alikuwa amenyamaza mwezi mzima kwa adabu, maana hakutaka kumvunjia mtu biashara yake. Sasa aliona adabu imezidi.

"Hakuna toleo lingine," alisema kwa upole. "Kaka amekufa. Na mimi naona mwisho ule ni wa haki. Mchezo mzima ulikuwa ukituambia. Ile sauti haijawahi kujibu swali hata moja. Nahodha anauliza uko wapi, sauti inasema nakumbuka nyumbani. Anauliza unakula nini, sauti inasema nakumbuka nyumbani. Mtu aliye hai hajibu hivyo."

"Mume wangu hujibu hivyohivyo," alisema mama mmoja, na ukumbi ukaangua tena kicheko.

"Haki gani!" Kinyozi alifoka. "Mtu umemtembeza nyota zote hizo, umempiganisha vita, umemtia njaa, halafu mwisho unamwambia rudi, hakuna kitu? Huo ni wizi. Mtunzi kama huyo mimi nikimpata kitini kwangu namnyoa mpaka nyusi."

Walibishana mpaka sauti zikakauka. Mwisho wakakubaliana kwamba kesho kutwa alasiri Vidole ataucheza mwisho upya, na Muuza Dawa atakaa karibu na kioo, asome kwa macho yake kila neno litakalosemwa. Mkalimani alikubali kwa kichwa, kwani hakuwa na namna. Ndipo Kinyozi akamkumbuka mteja wake, akatoka mbio.

 

Uani kwa kina Mkalimani, asubuhi iliyofuata, Fundi Bomba alikuwa amepiga magoti mbele ya bomba lililokuwa likivuja. Hakuna aliyemwita. Bomba lilitajwa tu mbele yake, naye akaja na mfuko wake wa vifaa, na shati lililopigwa pasi likanyooka, jambo ambalo mafundi wa bomba hawalifanyi siku ya kazi.

Aliyemtajia bomba ni Shemeji. Alikuwa mke wa mtoto mkubwa wa nyumba ile, kaka yake Mkalimani, aliyekwenda kutafuta kazi nchi nyingine, akapiga simu mara chache, kisha simu ikazimika na miaka ikapita juu yake. Mtaa mzima ulimwita Shemeji, kana kwamba kila mwanamume wa pale alikuwa mdogo wa mumewe. Hata wauza mboga walimwita hivyo. Alifanya kazi ya kupiga pasi kwenye duka la dobi, na shati la Fundi Bomba alilinyoosha yeye. Mama, mkwe wake, alilitambua kutoka mlango wa jikoni kwa mkunjo wa mikono tu, maana hata mashati ya Mkalimani yalikunjwa vilevile.

"Tayari, Mama," alisema Fundi Bomba akijifuta mikono. "Ni kampira tu kalikuwa kamekwisha."

"Kiasi gani?"

"Ah, Mama. Hiyo si kitu cha kulipana."

"Fundi hafanyi kazi bure." Mama alikwisha kufungua pochi. Alimwekea noti kiganjani, akamfumba vidole kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. "Haya. Hatudaiani."

Fundi Bomba alisimama na ngumi yake imefumbwa. Akirudisha, amemdharau mama wa watu. Akipokea, amekuwa fundi aliyepita njia. Alikuwa mtu mpole, na wapole huchukua lile linalowaumiza wao. "Asante, Mama," alisema, akabeba mfuko wake, akatoka. Hakuna aliyemwambia karibu tena.

Shemeji aliyaona yote akiwa kwenye kamba ya nguo. Alianika shuka aliyoishika mpaka mwisho, akabana vibanio, ndipo akasogea.

"Mama, umemlipa."

"Ulitaka nimkope?"

"Mwezi uliopita ulisema alete wazee wake Jumamosi hii. Ulisema kwa kinywa chako. Ameshawaambia watu wake."

Mama alikaa kwenye kigoda chake na ungo wa maharage, akaanza kuchambua. Mikono yake ilifanya haraka kuliko kawaida. "Nilisema. Na sasa nasema tusubiri kidogo."

"Tusubiri nini?"

"Kuna mambo huyajui, mwanangu. Mvumilivu hula mbivu."

"Mbivu ikingojwa sana huoza, Mama."

Wote wawili walishtuka. Tangu aingie nyumba ile, Shemeji hakuwa amemjibu mkwewe namna hiyo. Aliomba radhi kwa sauti ndogo, akarudi kwenye kamba kuzinyoosha shuka ambazo zilikwisha kunyooka. Ofisi ya ndoa ilikuwa imeshamwambia kwamba sheria haimzuii tena, anaweza kuolewa akitaka hata kesho. Lakini alikuwa ameishi na Mama kuliko alivyoishi na mumewe. Waliuguzana, walilala njaa pamoja, walijua kila mmoja anavyokohoa. Hakutaka kutoka nyumba ile kwa mlango wa nyuma, kama mtu aliyeiba sufuria. Alitaka neno la Mama, na mwezi uliopita alikuwa amelipata, na sasa limechukuliwa.

 

Mchana Shemeji alimkuta Mkalimani ukumbini peke yake, akifagia maganda ya karanga chini ya mabenchi.

"Shemeji yangu," alisema, "Mama ana nini?"

"Ana nini kivipi?"

"Amebadilika. Nimekaa nimefikiri, amebadilika lini? Ni ile siku mliyomaliza mchezo wenu. Alileta chai ya wateja, akarudi jikoni na sinia bado lina vikombe vimejaa. Nikamuuliza, hawanywi? Hakunijibu. Jioni yake akaanza kufua mashati ya mume wangu yaliyo sandukuni. Safi, lakini aliyafua. Nikanyamaza. Leo amemlipa Fundi pesa mkononi kama kibarua. Mlicheza nini humu?"

Mkalimani aliacha kufagia. Aliikumbuka siku ile vizuri mno. Maandishi ya Mtambo yalitokea kwenye kioo, na kwa kuwa jicho lake lilikuwa limezoea kutangulia ulimi, aliyasoma yote kabla hajafungua kinywa: Kaka yako alikufa kabla hujaanza safari. Sauti uliyoifuata ni yangu. Na pale mlangoni, sinia mkononi, alisimama mama yake. Alikuwa amesimama akisikiliza habari za kaka aliyepotea.

"Nilishindwa," alisema. "Pale pameandikwa kaka amekufa. Mimi nilimwona Mama, nikasema yuko hai. Ni neno moja tu, Shemeji. Nilijua ni mchezo, watu watafurahi, na yataisha."

Shemeji alikaa kwenye benchi. Kwa muda alitazama televisheni iliyozimwa, akijiona ndani yake, mdogo na mweusi.

"Ulimfufua mume wangu kwa mdomo," alisema.

"Sikukusudia."

"Najua hukukusudia. Wewe una huruma, kila mtu anajua una huruma. Ulimhurumia Mama, na mimi ndiye ninayelipa."

Hilo lilimwingia. Mkalimani alimpenda sana shemeji yake, na alimpenda Fundi Bomba pia, aliyekuwa akija ukumbini Jumapili na kushindwa kila mchezo bila kinyongo. Alijaribu kujitetea kwa njia nyingine. "Kesho nikisema mbele ya watu kwamba nilidanganya, nani atarudi kunisikiliza? Kinyozi atanitangaza mtaa mzima. Watu huja kwa sababu wananiamini."

"Sijakuuliza habari za ukumbi."

"Na Mama je? Nimwambie nini?"

"Mwambie kilichoandikwa." Shemeji alisimama, akakung'uta ganda la karanga kwenye sketi yake. "Mimi sijui kama mume wangu yuko hai au amekufa. Hakuna ajuaye. Nimelala na hilo kila siku, nimelizoea. Lakini sikubali kufungwa na maneno ya televisheni."

 

Siku ya mchuano watu walijaa mpaka dirishani. Kinyozi alikuwa amefunga kibanda chake kabisa, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua. Wafuasi wa kuuzima Mtambo walikaa upande wake, wafuasi wa kubaki nao wakakaa upande wa pili, na wale waliotaka kuupakia Mtambo waende nao nyumbani walikuwa wachache, wakabanana kwenye kona wakichekwa. Muuza Dawa aliweka kiti chake hatua chache kutoka kwenye kioo. Kabla mchezo haujaanza alimwinamia Mkalimani.

"Ukisema mwenyewe itakuwa afadhali kuliko nikusahihishe," alinong'ona. "Sipendi kumwumbua mtu."

Mkalimani aliitikia kwa kichwa. Ndipo mlango wa ndani ukafunguliwa, na Mama akaingia. Safari hii hakubeba sinia. Watu waliinuka nusu, kila mmoja akimpisha. Kinyozi alilifuta benchi la mbele kwa kitambaa chake cha kazi, kilichokuwa na nywele, na Mama akakaa juu ya nywele za watu bila kulalamika. Shemeji alibaki amesimama mlangoni, mikono imefungwa kifuani.

Vidole alicheza kimya. Nahodha alitembea kwenye korido ndefu za kituo, taa zikiwaka moja moja mbele yake, hatua zake zikilia kwenye chuma. Mkalimani alisoma maneno madogo ya njiani kwa sauti yake ya kawaida, bila kubana pua wala kuchekesha, na watu wakaanza kutazamana. Mlango wa mwisho ukafunguka. Mtambo ukawaka. Maandishi yakatokea.

Mkalimani alikishusha kipaza sauti.

"Jamani," alisema. "Mara ile nilisoma nilichotaka mimi. Sikusoma kilichoandikwa. Leo nasoma kilichoandikwa." Alikipandisha tena, akasoma: "Kaka yako alikufa kabla hujaanza safari. Sauti uliyoifuata ni yangu."

Muuza Dawa alitikisa kichwa kuthibitisha. Halafu Kinyozi akasimama, uso umejaa ushindi aliokuja kuutafuta, akafungua kinywa, akaona Mkalimani anakotazama. Akafuata macho yake mpaka benchi la mbele, mpaka kwa Mama, mpaka mlangoni kwa Shemeji. Kinyozi alikuwa mropokaji, lakini hakuwa mjinga, na kaka aliyepotea alikuwa akinyolewa kwake tangu ujana. Alikaa chini na ushindi wake.

"Nichague upi?" aliuliza Vidole, ambaye hakuwa ameona lolote zaidi ya kioo. "Mtambo unaniambia nichague. Zima, baki, au beba?"

"Zima!" ilitoka sauti upande mmoja. "Baki!" ukajibu wa pili, na ukumbi ukawaka moto wake wa kawaida. Katikati ya kelele hizo Mama aliinua mkono kidogo, na kelele zikakatika.

"Naomba kuuliza," alisema, akimtazama Muuza Dawa. "Hiyo sauti. Ilikuwa inajua kwamba si yeye?"

"Ilijua, Mama."

"Sasa kwa nini ilimfanyia hivyo?"

Muuza Dawa alifikiri. Swali hilo lilikuwa limewagombanisha watu duniani kote, naye alikuwa amesoma majibu mengi kwenye simu yake, marefu na yenye matusi. "Mimi naona ilimwonea huruma," alisema. "Nahodha aliita kila siku. Mtambo ulishindwa kumsikia anaita bila kujibiwa."

"Kumbe," alisema Mama. Aliinuka, akalinyoosha gauni lake, akamshukuru Vidole kwa kucheza vizuri, akatoka.

 

Mkalimani alimkuta jikoni, amesimama mbele ya jiko lisilowashwa. Alijiandaa kwa machozi au matusi. Vyote viwili angevipokea.

"Nisamehe, Mama."

"Funga mlango."

Akaufunga. Kelele za ukumbini zikabaki zikivuma nyuma ya ukuta.

"Unadhani mimi ni mjinga?" Mama aliuliza. Hakuwa na hasira. "Unadhani niliamini mambo ya roboti? Mimi najua ni mchezo. Watu wanaruka angani, wanapigwa risasi, wanaamka. Najua."

"Sasa, Mama..."

"Siku ile uliposema yuko hai, hukukitazama kioo. Ulinitazama mimi. Na sauti yako ilikatika. Mimi nimekuzaa, nakujua. Miaka yote hiyo unawasomea watu, hujawahi kukatika sauti. Nikajua mwanangu amesikia habari. Kaka yake amempigia, yuko mahali pabaya, labda gerezani, labda anaona aibu, amemwambia usimwambie Mama. Na wewe umeshindwa kuniambia usoni, ukanipenyezea kwenye mchezo." Alipumua. "Nikasema sitakuuliza. Nitakuacha mpaka uwe tayari. Nikafua mashati."

Mkalimani alikuwa amejitayarisha kwa kila kitu isipokuwa hili. Alitaka kuketi, lakini kigoda kilikuwa kimoja na kilikuwa cha Mama.

"Hajakupigia?" Mama aliuliza.

"Hajanipigia."

"Hata ujumbe? Hata kwa mtu?"

Alimtazama mama yake, na huruma ikampanda tena kooni, ileile iliyomponza mara ya kwanza. Safari hii aliimeza, na ilikuwa chungu kweli.

"Sina habari yoyote, Mama. Sijui kama yuko hai. Sijawahi kujua."

Mama aliitikia kwa kichwa mara nyingi, polepole. Alionekana amechoka kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kutoka mbali na kuambiwa amekosea nyumba. Nyuma ya ukuta, Kinyozi alikuwa amerudiwa na sauti yake. "Mimi nasema wa Mkalimani ndio mwisho mzuri kuliko yote!" alikuwa akipaza. "Miisho ya kampuni ni mitatu, huu wetu ni wa nne, na hao wenye mchezo waje kujifunza hapa!" Watu walipiga makofi. Hawakumtangaza mwongo, walikuwa wanataka awarudishie uongo wao.

"Nenda ukawasomee watu wako," alisema Mama. "Wamelipa."

"Niwasomee upi?"

"Ulioandikwa. Huo mwingine usiurudie tena, hata wakikulilia."

Mkalimani alipotoka, Mama alivuka ua mpaka kamba ya nguo. Shemeji alikuwa ameondoka mlangoni mapema, na sasa alikuwa akiangua nguo zilizokauka, akizikunja moja moja juu ya bega. Mama alishika pembe mbili za shuka kubwa, Shemeji akashika mbili nyingine, wakarudi nyuma kila mmoja upande wake, wakainyoosha.

"Nilimdhalilisha yule kijana," alisema Mama. "Zile pesa arudishe. Mwambie nimesema arudishe, asijitie aibu. Mkwe halipwi kwa kampira."

Shemeji aliganda na shuka mikononi.

"Na wazee wake waje Jumamosi kama tulivyosema. Nyumba itakuwa safi. Utatoka kwa mlango wa mbele, na mimi mwenyewe nitakushika mkono. Wewe ni binti yangu. Hilo halibadiliki kwa kuolewa."

Lilikuwa ndilo neno alilolisubiri. Shemeji alikuwa ameliwazia mara nyingi, akiwa kwenye meza ya pasi, na kila mara alijiona akicheka, akikimbia dukani kumpigia simu Fundi Bomba. Badala yake kitu kilimpasuka kifuani. Kwa miaka yote alikuwa ameacha kilio cha mumewe kwa Mama, kwa kuwa Mama ndiye mwenye mtoto, na kwa kuwa mke akilia ni kama amekubali. Sasa Mama alikuwa amekubali, na hakubaki mtu mwingine wa kumshikilia yule mwanamume upande wa walio hai. Alikaa chini palepale, juu ya sakafu ya ua, akaificha sura kwenye shuka safi, akalia kwa sauti kubwa kama siku ya msiba, akimwita mumewe kwa jina ambalo nyumba ile ilikuwa haijalisikia muda mrefu.

Mama alikaa kando yake. Yeye machozi hayakuja. Yangekuja wakati wake, labda akiwa peke yake. Alimpapasa mgongo, akaitazama shuka ikiloa na kujua kwamba itabidi ifuliwe tena.

"Lia," alimwambia. "Lia leo, umalize. Jumamosi tuna wageni, na bibi harusi hapokei watu na macho mekundu."